Bolti ya Puli Inakumbuka Historia Kutuliko

Wasee wa Busia na Malaba, leo tuongee kuhusu bolti. Ndio, bolti. Ile moja inayokaa mbele kabisa ya injini, katikati ya puli ya chini. Ikipotea kwa gari la juzi, unaagiza nyingine na maisha yanaendelea. Ikipotea kwa Land Rover ya babu, ama Peugeot 404 iliyolala nyuma ya nyumba tangu mzee astaafu, hapo sasa historia yote ya huu mpaka inakuja kukaa kwa meza ya fundi.

Kwanza ujue kazi yake. Puli inakaa kwa pua ya krankshafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Puli inavuta feni belti, belti inazungusha pampu ya maji na dainamo ama alteneta. Kuna kipande kidogo cha chuma, mafundi wanakiita kii, kinachoshika puli isiteleze. Lakini kii peke yake haiwezi kubeba huo mzigo. Kinachobana ni bolti. Ikikosekana puli inaanza kucheza, kii inaliwa, halafu mfereji wa kii kwenye krankshafti nao unaliwa. Ulikuwa na shida ya bolti, sasa uko na shida ya krankshafti, na hiyo uende uitafute wapi?

Kwa magari mengi ya zamani bolti hii ilikuwa na kazi ya pili. Kichwa chake kilikuwa na makucha ya kushika hendeli. Betri ikikufa, unaingiza chuma kupitia mbele ya gari, unazungusha kwa mkono, injini inaamka. Cadillac walianza kuuza magari yenye stata ya umeme mwaka wa 1912, lakini Land Rover na Peugeot 404 bado zilikuja na hendeli miongo kadhaa baadaye. Kwa hivyo ukiweka bolti ya kawaida pale, gari litatembea, lakini umelikata mkono.

Sasa ngoma iko kwa thredi, ile mistari inayozunguka bolti. Kitambo kila karakana Uingereza ilikata thredi zake, hadi 1841 jamaa anaitwa Joseph Whitworth akapendekeza kipimo kimoja, kwa inchi, na pembe ya digrii 55. Vita vya pili vya dunia vikaonyesha aibu: Waingereza na Wamarekani wako upande mmoja, lakini bolti zao haziingiliani. Mwaka wa 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zikakubaliana kutumia thredi moja ya digrii 60, bado kwa inchi. Mwaka huohuo Land Rover ikazaliwa, ndio maana zile za mwanzo zina thredi za Kiingereza za zamani na zilizofuata zina hizi mpya. Wafaransa, Wajerumani na baadaye Wajapani wao walienda na milimita.

Hiyo inatuhusu aje? Kenya na Uganda zilikuwa chini ya Mwingereza, basi barabara zikajaa Land Rover, Morris, Austin na Bedford. Inchi tupu. Halafu 1953 mashindano ya Safari yakaanza, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na magari yakapimwa kwa matope na vumbi la kwetu. Peugeot 404 ikashinda 1963, kisha mara tatu mfululizo, 1966 hadi 1968. Watu wakaona. "Pijo" ikawa jina la nyumbani, na 504 ikaja kubeba abiria wa safari ndefu. Milimita ikaingia kwa kopo lilelile la bolti lililokuwa na inchi.

Na hapo ndipo watu huumia. Bolti ya inchi tano kwa kumi na sita ni milimita 7.94. Ya milimita 8 ni 8. Kwa macho ni mapacha. Inaingia mzunguko mmoja, inakaza, kijana anachukua spana ndefu anailazimisha. Krankshafti kwisha.

Upande wa pili wa mpaka shida ilikuwa nzito zaidi. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda. Biashara zao zikagawiwa watu waliokuja kuitwa mafuta mingi, wengi wao wakiwa hawajawahi kuendesha duka. Vipuri vikaadimika, magari yakalala. Magendo ikawa uchumi: miaka ya 1976 na 1977, bei ya kahawa ikiwa juu baada ya baridi kali kuharibu mikahawa ya Brazil, kahawa ya Uganda ilivuka hadi Chepkube huku Bungoma, na bidhaa adimu zikaelekea kule. Katika hali kama hiyo fundi hasemi "hii haipatikani." Anachonga.

Sasa kama unayo gari hiyo, fanya hivi. Safisha shimo vizuri. Pima thredi kwa geji ya thredi, usikisie. Bolti sahihi inaingia kwa vidole mizunguko kadhaa bila vita. Angalia urefu: ikigusa mwisho wa shimo kabla ya kubana puli, inakudanganya imekaza. Angalia nguvu: bolti za milimita zina namba kichwani, na 10.9 ina nguvu kuliko 8.8. Weka washa nene, kii mpya, na kaza kwa kipimo cha kitabu cha gari. Ukikosa kabisa, tafuta mtu wa leth akuchongee kwa chuma kigumu, na umwambie akate makucha ya hendeli.

Maoni yangu ni haya. Kwa kawaida Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hivyo hizi za kitambo ni zile zilizobaki, basi. Tangu 2018 tuna kituo cha pamoja cha mpaka hapa Busia, malori yanapita, lakini hakuna lori linalobeba ujuzi wa mzee anayeshika bolti na kukuambia kwa kidole, "hii ni ya Mwingereza." Wengi wao hawana cheti. Mimi pia sina, na bado mnanisoma.

Una simu. Nenda gereji, umsalimie mzee kwa heshima, umnunulie chai, umrekodi akichambua lile kopo la bolti. Akienda, kopo litauzwa kwa kilo kama skrepu.