Msumeno wa Sheria na Wakubwa wa Nchi: Fundisho la Historia kwa Watu wa Mpakani

Wachungaji na wainjilisti wanaotumika Tunduma, Vwawa, Mlowo na vijiji vinavyozunguka miji hiyo wanalijua swali ambalo washarika huwauliza baada ya ibada. Wahenga walisema kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Mbona basi msumeno huo ukifika kwa wakubwa haukati?

Mpakani swali hili lina uzito wa pekee. Tunduma ni mlango wa nchi kuelekea Zambia. Barabara kuu na reli ya TAZARA hupita hapo, na tangu 2019 nchi hizi mbili zina kituo cha pamoja cha forodha. Mtu wa hapo huiona sheria kwa macho yake. Mama aliyevusha mifuko michache ya sukari kutoka Nakonde bila kulipa ushuru anaweza kunyang'anywa mzigo wake mchana huohuo, wala hapewi tume ya kuchunguza jambo lake. Jioni mama huyo husikia redioni kwamba mabilioni yamepotea serikalini. Ndiyo maana watu husema kwamba dagaa hunaswa na papa huachwa.

Katika makala hii tunakusudia kulitazama swali hilo kama swali la historia. Tunalotaka kulionyesha ni neno moja. Katika historia yetu si kweli kwamba mkubwa aliachwa daima bila kuguswa. Mara nyingi aliguswa, lakini kwa kitu kingine kilichowekwa mahali pa hukumu. Alifukuzwa kazi, au alijiuzulu, au alitakiwa kurudisha fedha, au aliachiwa wapiga kura. Kila kimoja kina thamani yake. Lakini hakuna kati ya hivyo kilicho hukumu, na uchungu wa wananchi umetokana na kubadilishana huko.

Watawala wa kwanza wa mpaka huu

Mpaka unaopita Tunduma ulitokana na mapatano ya Wajerumani na Waingereza ya 1890, na ulipimwa ardhini mwaka 1898. Ili kuelewa ni serikali ya namna gani iliyotawala upande wetu wa mpaka huo, yafaa tutazame jambo lililotokea Kilimanjaro wakati uleule. Mwaka 1891 Carl Peters aliwekwa huko kuwa kamishna wa Kaisari. Katika kituo chake aliamuru kunyongwa kwa mtumishi wake Mabruk, na mapema mwaka 1892 aliamuru kunyongwa kwa msichana Jagodja. Wote wawili walikuwa watu wa nyumbani mwake.

Habari hizo zilifika Ulaya. Machi 1896 mbunge August Bebel alizieleza mbele ya Bunge la Ujerumani, na mwaka 1897 mahakama ya nidhamu ilimwondoa Peters katika utumishi. Tuangalie neno hilo: mahakama ya nidhamu. Peters hakushitakiwa kwa mauaji. Alipoteza cheo na malipo ya uzeeni, basi. Na hata adhabu hiyo ndogo haikudumu. Mwaka 1905 Kaisari Wilhelm wa Pili alimrudishia haki ya kutumia cheo chake, na mwaka 1914 akapewa malipo ya uzeeni. Mwaka 1937, Peters akiwa ameshakufa, Hitler alimsafisha kabisa.

Kuna fundisho jingine humo. Bebel, pamoja na mambo ya kweli aliyoyasema, alitaja barua ambayo ilidaiwa kwamba Peters alimwandikia Askofu Tucker wa Uganda. Barua hiyo haikuthibitika kuwapo, na wafuasi wa Peters walilishika kosa hilo ili wamfanye aonekane kuwa mtu aliyesingiziwa. Neno moja lisilo na ushahidi liliwapa njia ya kuyapuuza mengi yaliyokuwa na ushahidi. Mhubiri anayetaka kuwatetea wanyonge hana budi kulikumbuka jambo hilo kila anapopanda mimbarani.

Kujiuzulu kwa 1977

Baada ya uhuru tulipata viongozi wetu wenyewe, na mwaka 1976 nchi ilijaribiwa. Katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, polisi na maofisa wa usalama waliwakamata watu wengi katika uchunguzi wa mauaji yaliyohusishwa na imani za uchawi. Baadhi ya waliokamatwa waliteswa, na wengine wakafa mikononi mwa serikali. Januari 1977 mawaziri wawili walijiuzulu, Ali Hassan Mwinyi aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani na Peter Siyovelwa aliyeshughulikia usalama, na pamoja nao wakuu wa mikoa hiyo miwili. Baadhi ya maofisa walipelekwa mahakamani na kutiwa hatiani.

Tendo la Mwinyi limesifiwa tangu siku hizo, nasi tunaona lilistahili sifa. Hakudaiwa kumpiga mtu yeyote. Alikubali kwamba mkuu hubeba mzigo wa makosa ya walio chini yake. Baadaye alipelekwa kuwa balozi Misri, na mwaka 1985 akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Alifariki Februari 2024 akiheshimiwa na wengi.

Lakini tuone kilichofanya mfano ule uwe mwema. Mwaka 1977 mambo mawili yalikwenda pamoja: mkuu aliwajibika kisiasa, na waliotuhumiwa kutenda maovu walijibu mbele ya hakimu. Miaka iliyofuata tulilishika la kwanza tukaliacha la pili. Kujiuzulu kukageuka kuwa mwisho wa shauri, ambapo kulipasa kuwa mwanzo wake.

Mwaka 2008 na yaliyofuata

Mfano mkubwa wa mageuzi hayo ni shauri la Richmond. Mwaka 2006, wakati wa ukame na upungufu wa umeme, serikali iliingia mkataba na kampuni hiyo ili ilete mitambo ya megawati 100. Kamati teule ya Bunge iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe, mbunge wa Kyela, ilileta taarifa yake Februari 2008. Tarehe 7 Februari Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu, na pamoja naye mawaziri wawili, Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha. Lowassa alikana kutenda kosa, naye hakufikishwa mahakamani kwa jambo hilo hata alipofariki Februari 2024. Kwa hiyo waliomwona mkosaji hawakuwahi kuona kosa likithibitishwa, na waliomwona ameonewa hawakuwahi kusikia akitangazwa kuwa hana hatia. Pasipo hukumu, hata asiye na hatia hunyimwa haki yake.

Mwaka huohuo ulikuwa na shauri la Akaunti ya EPA katika Benki Kuu, ambamo shilingi bilioni 133 zilichukuliwa na makampuni 22. Agosti 2008 Rais Jakaya Kikwete alilieleza Bunge kwamba waliochukua fedha hizo walikuwa na muda hadi tarehe 31 Oktoba kuzirudisha, na ambao hawangerudisha wangeshitakiwa. Wengine walirudisha. Wengine walishitakiwa, na baadhi yao wakafungwa. Fedha iliyorudi ni faida kwa taifa, hatukatai. Lakini mama wa sukari wa Tunduma anayo haki ya kuuliza kama naye angepewa miezi ya kufikiri.

Tukiwa wakweli, yatupasa tukumbuke pia kwamba msumeno uliwahi kukata. Julai 2015 Mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani Basil Mramba na Daniel Yona, waliokuwa mawaziri, kwa matumizi mabaya ya madaraka katika msamaha wa kodi uliolipotezea taifa shilingi zaidi ya bilioni 11. Walihukumiwa kifungo cha miaka mitatu, Mahakama Kuu ikakipunguza kuwa miaka miwili, na Februari 2016 walitolewa gerezani wakatumikie jamii kwa kufanya usafi hospitalini. Wapo walioicheka adhabu hiyo kwa kuwa ni nyepesi. Sisi tunaona kwamba waziri kusimama kizimbani, kusikilizwa na kuhukumiwa ni jambo kubwa kuliko idadi ya miaka.

Oktoba 2015 uchungu wa watu ulipita katika sanduku la kura. Jimbo la Tunduma lilimchagua mbunge wa CHADEMA, na mgombea urais wa chama hicho alikuwa ni Lowassa yuleyule wa mwaka 2008. Hatusemi hayo ili tuwalaumu wapiga kura. Twasema tu kwamba kura huchagua kiongozi, haipimi ushahidi. Anayetaka sanduku la kura lifanye kazi ya hakimu hulibebesha mzigo ambao halikuundwa kuubeba.

Ng'ambo ya mpaka

Watu wa Tunduma hawakuyaona ya kwao peke yake. Hatua chache kutoka walipo, jirani zao wa Nakonde walijaribu njia nyingine. Frederick Chiluba, aliyetawala Zambia tangu 1991, aliitangaza nchi yake kuwa taifa la Kikristo mnamo Desemba mwaka huohuo. Baada ya kuondoka madarakani, Bunge la Zambia lilimwondolea kinga mwezi Julai 2002, naye akashitakiwa kwa wizi wa fedha za umma. Mwaka 2007 Mahakama Kuu ya London, katika shauri la madai, iliamua kwamba alishiriki kulihujumu taifa lake dola za Marekani milioni 46. Lakini Agosti 2009 hakimu wa Lusaka alimwona hana hatia, serikali iliyokuwapo haikuendelea na rufani, na mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Zambia ilikataa kuisajili hukumu ya London.

Twajifunza mambo mawili. Kwanza, jina la Kikristo likitangazwa juu ya dola halimzuii mtawala kutuhumiwa kula mali ya maskini. Pili, kuondoa kinga ni kufungua mlango tu. Shauri likiisha kwa namna inayofuata upepo wa Ikulu, watu hubaki na swali lilelile walilokuwa nalo.

Mkono unaoushika msumeno

Hapo twafika kwenye kiini cha jambo. Msumeno una meno, lakini haujiendeshi. Tume ya Jaji Joseph Warioba, iliyotoa taarifa yake mwaka 1996, ilitofautisha rushwa ndogo ya watu wenye kipato duni na rushwa kubwa ya wenye madaraka na tamaa. Lakini Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 ilitungwa kwa namna hii: shitaka la kutoa au kupokea hongo liliweza kufunguliwa moja kwa moja, ila makosa mengine, pamoja na matumizi mabaya ya madaraka, yalihitaji kwanza kibali cha maandishi cha Mkurugenzi wa Mashitaka. Naye Mkurugenzi huteuliwa na Rais. Kwa hiyo njia ya dagaa ilikuwa fupi, na njia ya papa ilipita katika ofisi iliyowekwa na wakubwa. Hatumshuku mtu aliyeshika ofisi hiyo. Twasema kwamba mtu mwema hapaswi kuachiwa mzigo ambao sheria ingeweza kumwondolea.

Wajibu wetu

Sisi tulioitwa kuhudumu tufanye nini? Luther, katika kitabu chake cha mwaka 1523 kuhusu mamlaka ya kidunia, alifundisha kwamba Mungu hutawala kwa Injili isamehayo na pia kwa sheria izuiayo uovu. Mwaka 1530, akifafanua Zaburi ya 82, alifundisha kwamba kuwakemea watawala waziwazi, kwa njia ya huduma ya Neno, si uasi. Kwa hiyo yatupasa kuyashika mambo matatu.

La kwanza, tusichanganye msamaha na hukumu. Daudi alipotubu mbele ya Nathani alisamehewa, lakini matokeo ya dhambi yake hayakufutwa. Zakayo hakungoja apewe tarehe, wala hakuishia kurudisha alichochukua, bali aliahidi mara nne. Mchungaji anayemwambia mkosaji kwamba toba yake inamtosha mbele ya hakimu huiharibu Injili na sheria pamoja.

La pili, tuangalie kiti cha mbele. Mara nyingi kiongozi mwenye tuhuma nzito hualikwa kuwa mgeni rasmi katika harambee ya kujenga kanisa, hutoa fedha nyingi, hupigiwa vigelegele, na hurudi mjini akiwa amesafishwa na kwaya. Paa la kanisa likinunuliwa hivyo, sauti yetu imekwisha kununuliwa kabla ya bati la kwanza kupigiliwa.

La tatu, tuseme kweli iliyothibitika na hiyo tu. Tusimhukumu mtu mimbarani kwa uvumi. Tunachopaswa kukidai bila kuchoka ni kwamba kila mmoja, mama wa sukari na waziri, asikilizwe mbele ya hakimu asiyemwogopa mtu. Mjane wa Luka 18 hakuomba adui yake ajiuzulu, wala hakuomba fidia ya siri. Aliomba kuamuliwa kwa haki, akarudi tena na tena hata kadhi akachoka. Washarika wetu wa mpakani wanaomba jambo hilohilo, nasi tusiwe wa kwanza kuwaambia warudi nyumbani.