Majanga: Fahamu ni nani hufanya nini dharura inapotokea

MVUA ya masika ya mwaka wa 2024 iliua zaidi ya watu 200 nchini Kenya. Alfajiri ya Aprili 29 mwaka huo, maji yalisomba nyumba na watu waliokuwa usingizini katika kijiji cha Kamuchiri, Mai Mahiu. Kwanza ilisemekana kwamba bwawa lilikuwa limevunja kingo. Baadaye Wizara ya Maji ilieleza kwamba hapakuwa na bwawa lolote. Maji yalikuwa yamejikusanya nyuma ya karavati lililoziba chini ya reli ya zamani, hadi tuta likashindwa kuyahimili.

Maelezo hayo yanastahili kuzingatiwa kuliko yalivyozingatiwa wakati huo. Siku chache baadaye, Waziri wa Usalama wa Ndani, Kithure Kindiki, aliwapa saa 24 watu walioishi karibu na mabwawa 178 wahame. Amri hiyo ilihitajika, ila hata kama ingetolewa mwezi mmodi mapema, karavati la Mai Mahiu lisingekuwamo katika orodha ya mabwawa.

Je, ni nani aliyestahili kuliona? Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeuweka udhibiti wa majanga katika orodha ya majukumu ya Serikali ya Kitaifa, na papo hapo ikauweka, pamoja na huduma za zimamoto, katika orodha ya kaunti. Nia ilikuwa kwamba kaunti itangulie kufika na Nairobi isaidie mzigo unapozidi. Kwa vitendo, mara nyingi pande hizo mbili hutazamana, kila mmoja akisubiri mwenzake aanze.

Historia ya taasisi zetu inaonyesha mtindo ule ule wa kujenga baada ya msiba. Kituo cha Kitaifa cha Operesheni za Majanga kilianzishwa mapema 1998, kufuatia mafuriko ya El Niño yaliyoanza mwishoni mwa 1997. Kilikuwa bado kichanga Agosti 7, 1998, bomu lilipolipuka katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi na kuua zaidi ya watu 200, huku maelfu wakijeruhiwa. Wanaokumbuka siku hiyo watakumbuka pia raia waliofukua vifusi vya jumba la Ufundi kwa mikono mitupu. Vifaa vya kutafuta watu chini ya zege, pamoja na mbwa wa kunusa, vililetwa na waokoaji kutoka ng'ambo, wakiwemo Waisraeli.

Miaka 15 baadaye, Septemba 21, 2013, magaidi walivamia jumba la Westgate na kuua watu 67. Upungufu uliojitokeza safari hii haukuwa wa vifaa. Polisi na wanajeshi waliingia katika jengo moja bila kuwa chini ya amri moja. Mwaka huo huo wa 2013 kiliundwa Kitengo cha Kitaifa cha Kudhibiti Majanga, kikaongezwa juu ya kituo kile cha 1998. Miswada ya kuunganisha majukumu haya chini ya sheria moja imewahi kufikishwa Bungeni zaidi ya mara moja.

Hapa inafaa kutenganisha maneno mawili ambayo sisi wa magazeti huyachanganya. Serikali inaposema ukame au mafuriko ni "janga la kitaifa", kama Rais Uhuru Kenyatta alivyofanya kuhusu ukame mnamo Septemba 8, 2021, inafungua mlango wa misaada na fedha. Haki za raia hubaki pale pale. "Hali ya hatari" ni jambo jingine kabisa. Chini ya Kifungu cha 58, Rais anaweza kuitangaza tu iwapo taifa linakabiliwa na vita, uvamizi, maasi, ghasia, maafa ya kiasili au dharura nyingine ya umma. Tangazo hilo hudumu siku zisizozidi 14. Bunge la Taifa likitaka kuliendeleza kwa mara ya kwanza, ni lazima theluthi mbili ya wabunge wote waunge mkono. Kwa nyongeza zinazofuata huhitajika robo tatu, na kila nyongeza haiwezi kupita miezi miwili. Mahakama ya Juu inaweza kuamua iwapo tangazo lenyewe ni halali. Masharti haya makali yana sababu: wazee wetu waliishi chini ya Hali ya Hatari iliyotangazwa na Gavana Evelyn Baring mnamo Oktoba 20, 1952, na ambayo haikuondolewa hadi 1960.

Sehemu moja ambapo Kenya imejipanga vizuri ni ukame. Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame (NDMA), iliyoanzishwa 2011 na kupewa sheria yake 2016, hufuatilia kaunti 23 kame na nusu kame na kutoa taarifa kila mwezi. Hupima mvua na hali ya malisho kwa picha za setilaiti, umbali wa kufuata maji, kiasi cha maziwa, mzingo wa mkono wa mtoto, na jambo ambalo kila mfugaji wa Turkana au Wajir analielewa bila kufundishwa: mbuzi mmoja akiuzwa, pesa zake zitanunua mahindi kiasi gani? Kutokana na vipimo hivyo, kaunti huwekwa katika awamu: kawaida, tahadhari, hatari, dharura au ahueni. Faida ya ngazi hizi ni kwamba mfugaji anaweza kuuza mapema kabla mifugo haijakonda na bei kuporomoka, na fedha za msaada zinaweza kutolewa kabla mizoga haijaonekana kwenye televisheni. Hata hivyo, misimu mitano mfululizo ya mvua duni kuanzia mwishoni mwa 2020 ilionyesha kwamba onyo zuri halileti maji likikosa bajeti.

Mafuriko hayana ngazi zinazojulikana hivyo na umma. Onyo hutoka Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa, kisha hupitia kwa wengi kabla halijamfikia mkazi wa Budalang'i au Mathare. Oktoba 2023, Rais William Ruto alisema El Niño iliyokuwa imetabiriwa haingefika. Kufikia mwisho wa Novemba mafuriko yalikuwa yameua zaidi ya watu 100. Kwa maoni yetu, taarifa za hali ya hewa zingetolewa na wataalamu wenyewe, na wanasiasa wazungumzie mahema, chakula na barabara.

Kuhusu fedha, sheria ya 2012 ya usimamizi wa fedha za umma inairuhusu kaunti kuwa na hazina ya dharura. Malipo yake kwa mwaka hayawezi kupita asilimia mbili ya mapato ya kaunti ya mwaka uliotangulia, kama yalivyokaguliwa, na bunge la kaunti linapaswa kuombwa idhini katika muda wa miezi miwili baada ya malipo. Mkazi ana haki ya kumuuliza mwakilishi wadi wake iwapo ombi hilo liliwahi kufikishwa.

Yapo pia yaliyo mikononi mwa mwananchi. Januari 31, 2009, zaidi ya watu 100 waliteketea Sachangwan, karibu na Molo, baada ya lori la petroli kupinduka na watu kukimbilia kuchota mafuta. Desemba 4, 2021, basi lililobeba wanakwaya lilisombwa na Mto Enziu huko Mwingi na zaidi ya watu 30 wakafa, wengine wakitazama kutoka ukingoni. Maji ya kina cha sentimita 30 yanaweza kuielea gari dogo, na ya sentimita 60 yanayokwenda kasi huweza kulisukuma hata gari kubwa. Dereva akisita, abiria wasimshinikize.

Nambari za kupiga bila malipo ni 999 na 112 za polisi, na 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu. Anayepiga aanze kwa kutaja mahali: kaunti, mji ulio karibu, kisha alama kama shule, soko au daraja. Ndipo aeleze kilichotokea, idadi ya walioumia, na kama barabara inapitika. Asikate simu kabla hajaambiwa afanye hivyo, kwa sababu simu ikikatika mapema, gari la kubebea wagonjwa huenda likaanza safari bila kujua ni ng'ambo gani ya mto.