Kwa Nini Dhabihu? Historia ya Swali Moja la Wakristo

Liko swali moja ambalo wanafunzi hupenda kuwauliza walimu wao, na wazee pia hulizungumza jioni kazi zikiisha. Wakristo husema ya kwamba Mungu ni mwenye rehema. Tena husema ya kwamba Yesu Kristo alikufa msalabani ili wanadamu wapate kusamehewa dhambi zao. Basi, ikiwa Mungu ni mwenye rehema, kwa nini hakusamehe tu? Baba akikosewa na mwanawe aweza kumsamehe kwa neno moja, wala hadai damu ya mtu. Je, Mungu ashindwe na jambo ambalo baba wa kibinadamu aliweza?

Leo hatukusudii kuhubiri, wala kumgeuza mtu imani yake. Twataka kueleza jinsi Wakristo wenyewe walivyolijibu swali hili tangu zamani. Tutaona ya kuwa jibu halikuwa moja. Imani yenyewe, kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya watu, imekaa pale pale. Lakini maelezo yake yamebadilika, maana kila kizazi kilieleza kwa mfano wa mambo kiliyoyajua: madhabahu, utumwa, heshima ya mabwana, na baraza la hukumu.

Hatuna budi kuanza na Wayahudi, kwa kuwa Yesu na wanafunzi wake wa kwanza walikuwa Wayahudi. Torati, katika kitabu cha Mambo ya Walawi, yaeleza siku kuu ya upatanisho, iliyokuwa siku ya kumi ya mwezi wa saba. Siku hiyo kuhani mkuu aliingia Patakatifu pa Patakatifu, mahali alipoingia mara moja tu kwa mwaka. Kwanza alichinja fahali kwa ajili ya dhambi zake mwenyewe na za nyumba yake, maana kuhani naye ni mtu. Kisha waliletwa mbuzi wawili, wakapigiwa kura. Mmoja alichinjwa, na damu yake ikanyunyizwa nyuma ya pazia. Wa pili hakuchinjwa; kuhani aliweka mikono yake miwili juu ya kichwa chake, akayaungama makosa ya watu wote, na mbuzi yule akapelekwa nyikani. Siku hiyo Wayahudi huiita Yom Kippur, na neno hilo la Kiebrania ni la ukoo mmoja na neno la Kiarabu ambalo kwetu limekuwa kafara.

Katika desturi hiyo yafaa tuangalie mambo mawili. La kwanza ni kwamba damu haikuwa chakula cha Mungu, wala bei ya kumnunua. Torati yafundisha ya kuwa uhai wa mnyama umo katika damu, na ya kuwa Mungu mwenyewe ndiye aliyewapa watu damu ile iwe juu ya madhabahu. Kwa hiyo aliyetoa njia ya kupatanishwa ndiye yeye aliyekosewa. La pili ni habari ya maskini. Asiyeweza kuleta kondoo au mbuzi aliruhusiwa kuleta hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Na asiyeweza hata hayo alileta unga, kiasi cha lita mbili hivi. Unga hauna damu, lakini mtu yule naye alisamehewa. Tena manabii kama Amosi, Hosea na Isaya walikemea vikali dhabihu za watu waliodhulumu wanyonge kisha wakaja madhabahuni na wanyama walionona.

Mwaka 70 baada ya kuzaliwa Kristo jambo kubwa lilitokea. Jeshi la Warumi, likiongozwa na Titus, liliuteka mji wa Yerusalemu na Hekalu likateketea kwa moto. Hata leo katika mji wa Roma kuna tao la mawe lenye nakshi za watu wakichukua kinara cha taa kilichotekwa Hekaluni. Tangu hapo dhabihu za Yerusalemu zikakoma. Husimuliwa ya kwamba mwalimu mmoja wa Kiyahudi aliyaona magofu yale akalia, kwa kuwa mahali pa kufutiwa dhambi pamebomolewa. Mkuu wake, Yohanan ben Zakkai, alimtuliza, akamwambia ya kuwa matendo ya huruma ni upatanisho ulio sawa na ule, akayategemeza maneno yake juu ya nabii Hosea. Hivyo kwa Wayahudi sala, toba na sadaka zikashika mahali pa madhabahu.

Wakristo walijibu kwa njia nyingine. Paulo alikuwa amekwisha kufundisha kabla ya Hekalu kuanguka ya kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi za watu. Waraka kwa Waebrania waeleza ya kuwa Kristo ni kuhani na ni dhabihu pia, na ya kuwa alijitoa mara moja tu, hata isiwepo haja ya kurudia kila mwaka. Hivyo watoto wawili wa nyumba moja waliipoteza madhabahu moja, na kila mmoja akapata jibu lake.

Lakini hapo Wakristo walikuwa wamesema kwamba jambo limefanyika. Hawakuwa wameeleza jinsi linavyofanya kazi. Mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 381 ulitoa kanuni ya imani ambayo makanisa mengi huikiri hata sasa. Kanuni hiyo yasema ya kuwa Kristo alisulubiwa kwa ajili yetu, wala haielezi zaidi. Kwa ajili hiyo mlango ulibaki wazi, na walimu wakaingia kila mmoja na mfano wake.

Mfano wa kwanza uliopendwa sana ni ule wa ukombozi. Katika dola ya Rumi utumwa na utekwaji vilikuwa mambo ya kila siku. Yapata mwaka 253 wanyang'anyi waliwateka Wakristo katika nchi ya Numidia, kaskazini mwa Afrika. Cyprian, askofu wa Carthage, alichanga pamoja na watu wake sesterti 100,000, yaani fedha ya Kirumi, ili mateka wale warudishwe. Watu walioyaona mambo hayo walielewa mara moja walipoambiwa ya kwamba Kristo alitoa uhai wake kuwa fidia.

Lakini fidia hulipwa kwa mtu. Je, ya Kristo alilipwa nani? Origen, mwalimu wa Aleksandria katika Misri, alijibu kwamba alilipwa Shetani, kwa kuwa ndiye aliyewashika wanadamu. Gregory, askofu wa Nyssa, alieleza ya kuwa Shetani alidanganyika kama samaki: aliona chambo, yaani mwili wa Kristo, asione ndoana, yaani Uungu wake, akameza, akanaswa. Mfano huo uliwafurahisha wengi. Hata hivyo rafiki yake, Gregory wa Nazianzus, hakuridhika. Aliona ni aibu kubwa kusema kwamba mnyang'anyi alipwe, tena alipwe Mungu mwenyewe. Na kama alilipwa Baba, aliuliza, itakuwaje, hali si yeye aliyetuteka? Kwake Baba aliipokea dhabihu hiyo, lakini si kwa kuwa aliidai wala kuihitaji.

Sisi wa pwani ya Afrika ya Mashariki twaweza kuielewa nguvu ya mfano huu, maana tulilijua soko la watumwa. Soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mahali hapo pakajengwa kanisa. Mwaka 1875 mji wa Freretown ulianzishwa karibu na Mombasa ili kuwakalisha watu waliotolewa utumwani. Kwa watu kama hao ukombozi haukuwa neno la kitabuni tu. Mtu aliyepata kufungwa mnyororo hana haja ya kuelezwa maana yake.

Turudi Ulaya. Mfano wa pili ulitoka kwa Anselm, aliyezaliwa mwaka 1033 katika mji wa Aosta. Alikuwa mtawa, na mwaka 1093 akawa Askofu Mkuu wa Canterbury katika Uingereza. Aligombana na Mfalme William wa Pili, akaondoka nchini mwaka 1097, na mwaka uliofuata akakimaliza kitabu chake katika kijiji kimoja cha milimani huko Italia. Jina la kitabu hicho ni swali: kwa nini Mungu alifanyika mtu. Kimeandikwa kama mazungumzo kati yake na mtawa aitwaye Boso, na Boso huuliza lile lile waulizalo wanafunzi wetu: Mungu atuamuru sisi kusamehe bure, mbona yeye asisamehe bure?

Ili kulielewa jibu la Anselm, yatupasa kujua desturi za watu wake. Waingereza wa kale walikuwa na dia, kama Waarabu. Katika sheria za Æthelberht, mfalme wa Kent, zilizotungwa yapata mwaka 600, aliyemwua mtu huru alipaswa kulipa shilingi 100. Tena kadiri ya cheo cha aliyekosewa ndivyo malipo yalivyozidi. Anselm alifundisha ya kwamba dhambi ni kumnyima Mungu heshima iliyo haki yake. Mungu akisamehe pasipo malipo wala adhabu, mwovu na mwema watakuwa sawa, na utaratibu wa ulimwengu utaharibika. Lakini deni ni kubwa kupita dunia nzima. Mwanadamu apaswa kulilipa, wala hawezi. Mungu aweza, lakini hadaiwi. Basi alihitajiwa mmoja aliye Mungu na mtu pia. Shetani, asema Anselm, hakuwa na haki ya kulipwa kitu.

Hoja hiyo ilikuwa imara, lakini haikunyamazisha watu wote. Peter Abelard, mwalimu wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1142, aliona ni ukatili kusema kwamba damu ya asiye na hatia ilidaiwa iwe bei. Yeye alifundisha ya kuwa msalaba waonyesha upendo wa Mungu, na upendo huo ukionekana huwasha upendo katika mioyo ya watu. Wengine wakamlaumu, wakisema amefanya msalaba uwe kielelezo tu. Kisha Thomas Aquinas, aliyefariki mwaka 1274, alisawazisha mizani. Alisema ya kuwa Mungu angeweza kusamehe bila malipo, wala asingemdhulumu mtu, kwa kuwa yeye ndiye aliyekosewa na juu yake hakuna hakimu. Walakini njia ya msalaba ndiyo iliyofaa zaidi. Angalieni sana: hapo neno si ilibidi, bali ilifaa.

Mfano wa tatu ni ule wa baraza. John Calvin, ambaye kitabu chake kikubwa kilitoka mara ya kwanza mwaka 1536, alikuwa amesomea sheria. Kwake Kristo alisimama mahali pa mshitakiwa, akaichukua hukumu iliyompasa mwenye hatia. Mwaka 1594 kilichapishwa kitabu cha Fausto Sozzini, Mwitalia, kilichopinga hoja hiyo kwa maneno makali: deni likiisha kulipwa halikusamehewa, na likisamehewa halikulipwa. Mwaka 1617 Hugo Grotius, mwanasheria wa Uholanzi, akamjibu ya kuwa Mungu hapaswi kufananishwa na mdai, awezaye kuitupa hati ya deni apendavyo, bali na mtawala, ambaye lazima alinde sheria kwa manufaa ya watu wote.

Basi, wasikilizaji, katika mashindano haya yote ni jambo gani lililokuwa hatarini? Ni hili: je, Mungu alipenda watu kwa sababu dhabihu ilitolewa, au dhabihu ilitolewa kwa sababu Mungu alipenda watu? Mara nyingi wahubiri wamesema kana kwamba Kristo alimnunua Baba mwenye hasira. Lakini walimu wakubwa tuliowataja hawakukubali hivyo. Torati yasema Mungu ndiye aliyeitoa damu; Gregory wa Nazianzus akana kwamba Baba aliidai; na hata Calvin, pamoja na ukali wa baraza lake, alishikilia ya kuwa upendo wa Mungu ulitangulia.

Huenda mfano wa kijijini utatusaidia. Ng'ombe wa jirani wameingia shambani mwako usiku, wakala mahindi yote. Asubuhi jirani aja kwako, hana kitu cha kulipa, aomba radhi. Wewe wamwambia, "Nenda, ndugu yangu, nimekusamehe." Neno hilo ni jepesi kinywani, lakini mahindi hayarudi. Miezi ya njaa ikifika, nani atakayelala bila kula? Si jirani, ni wewe uliyesamehe. Kusamehe hakuondoi hasara, bali hubadilisha mtu wa kuichukua. Twadhani hii ndiyo sababu Wakristo, ingawa walibishana kwa karne nyingi juu ya mfano ulio bora, hawakuacha kusema kwamba msamaha ulikuwa na gharama, na kwamba aliyesamehe ndiye aliyeichukua gharama hiyo mwenyewe.

Mtu aweza kuikubali imani hiyo au kuikataa. Lakini atakayeulizwa tena swali la wanafunzi wetu, kwa nini Mungu hakusamehe tu, sasa ajua ya kuwa swali hilo si la watoto wala si la dharau. Boso, mtawa wa kale, aliliuliza mbele ya mwalimu wake, na mwalimu hakumkemea. Alikaa chini akamjibu.