Kutoka Santuri Hadi Sabufa: Historia ya Majina ya Vyombo vya Kusikilizia Nyumbani

Makala haya yametokana na barua moja ya ununuzi. Ofisi moja, ambayo hatuna haja ya kuitaja, ilihitaji spika nne za kuweka katika ukumbi wake wa mikutano. Mwandishi wa barua, akijitahidi kutumia Kiswahili fasaha, aliandika kwamba vinatakiwa "vipaza sauti vinne". Mfanyabiashara, naye akiwa mjuzi wa Kiswahili, alileta maikrofoni nne za kushika mkononi. Bei ilikuwa imekubaliwa, hati zilikuwa zimetiwa sahihi, na fedha za umma zilikuwa zimekwisha lipwa. Tulipoombwa kusema ni nani mwenye makosa, tulishindwa, kwa kuwa kila mmoja alikuwa amelitumia neno hilo kama watu wanavyolitumia kila siku.

Kusudi letu ni kueleza jinsi majina ya vyombo vya kusikilizia muziki nyumbani yalivyoingia katika lugha yetu, na jinsi wenye vyombo hivyo wanavyoisifu au kuilaumu sauti yake. Tumechagua kuuangalia mji wa Mwanza, hasa Nyakato, mtaa wa viwanda na makazi ulio kando ya barabara iendayo Musoma. Hapo Msukuma, Mkerewe, Mjita na Mhaya hukutana kiwandani, sokoni na baani, na lugha inayowaunganisha ni Kiswahili. Neno geni likikubaliwa Nyakato, limekwisha pita katika masikio ya watu wengi.

Santuri na Kinanda

Mwaka 1928 yalitokea mambo mawili yanayohusu habari yetu. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza, na bidhaa za Dar es Salaam zikaweza kufika ziwani bila kuzungukia Mombasa na Kisumu. Mwaka huohuo Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja kwenda Bombay kurekodi nyimbo za taarabu kwa Kiswahili. Sahani zile ziliuzwa kwa wingi katika Afrika ya Mashariki, na mtu aliyekuwa mbali na pwani akaweza kumsikia mwimbaji wa Unguja akiwa kitako nyumbani kwake.

Chombo cha kupigia sahani hizo kiliitwa gramafoni, lakini wengi walikiita santuri, na wengine kinanda. Majina haya mawili yanastahili kuangaliwa. Santuri ni ala ya nyuzi inayojulikana Uajemi, Iraki na India. Kinanda nacho kilikuwa ala ya nyuzi ya watu wa pwani. Ni dhahiri kwamba wazee wetu hawakukifungua chombo ili wakipe jina kwa kufuata mashine iliyomo ndani. Walitazama kazi yake barazani, wakaona kwamba kinaimba, basi wakakiingiza katika ukoo wa ala. Baadaye jina la santuri likahamia kwenye sahani yenyewe, na hivyo ndivyo wengi wanavyolielewa hata leo.

Gramafoni ile haikuhitaji umeme. Ilitiwa ufunguo kama saa, sindano ikatembea juu ya sahani, na mtetemo wake ukakuzwa na bomba. Bomba likiwa dogo, sauti nene hupotea na ile nyembamba hubaki peke yake. Kwa hiyo tangu mwanzo mwenye chombo alijua jambo ambalo mwenye spika za leo analijua pia, yaani kwamba sauti nzito inahitaji nafasi.

Redio

Utangazaji ulianza Dar es Salaam mwaka 1951. Mwaka 1956 lilianzishwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 ikazaliwa Redio Tanzania Dar es Salaam. Zamani wengine walisema "simu ya upepo", lakini neno "redio" ndilo lililoshinda. Viwanda vya Philips, Arusha, na Matsushita, Dar es Salaam, viliunganisha redio humu nchini, na chombo kilichokuwa cha wachache kikaenea vijijini. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wapatao milioni 2 walikusanyika kwa vikundi kuzizunguka redio na kujifunza habari za afya.

Kuenea huko kulilifanya jina la redio limeze majina mengine. Mpaka leo wako wazee ambao huita redio kila kitu kitoacho sauti sebuleni, hata kama hakipokei matangazo ya kituo chochote. Hilo si kosa la mzee. Kwa miaka mingi hapakuwa na haja ya kutenganisha kipokea matangazo na spika yake, kwa sababu vyote viwili vilikaa katika sanduku moja. Haja ilikuja vilipotengana.

Kipaza Sauti na Spika

Mwaka 1925 wahandisi wawili wa Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg, walieleza muundo wa spika yenye koili inayocheza katika sumaku na kuisukuma koni ya karatasi. Muundo huo ndio msingi wa spika nyingi za leo. Vyombo vya mikutano ya hadhara vilipofika kwetu, watu waliona mtu mmoja akisema kwa sauti ya kawaida na maelfu wakimsikia. Wakasema sauti imepazwa, na chombo ni kipaza sauti.

Neno hili ni zuri na limeundwa vema kwa kitenzi chetu wenyewe. Lakini linaeleza kazi ya vyombo vitatu vikiwa pamoja: maikrofoni inayopokea sauti, amplifaya inayoikuza, na spika inayoitoa. Kwa kuwa vyote vitatu hushiriki katika kuipaza sauti, kila kimoja kinaweza kudai jina hilo. Msema chochote huambiwa akisogelee kipaza sauti, na papo hapo jirani hulalamika kwamba kipaza sauti kilichofungwa juu ya mti kinamnyima usingizi. Wala jambo hili si la Waswahili peke yao. Waingereza walichukua jina la kampuni ya Tannoy, iliyoanzishwa London mwaka 1926, wakaliita hivyo kila tangazo lipitalo katika spika za stesheni, hata kama spika zenyewe zimetengenezwa na kampuni nyingine.

Wako wanaolikataa neno "spika" kwa hofu ya kulichanganya na cheo cha Spika wa Bunge. Tunaona kwamba hofu hiyo haina msingi. Sarufi yetu yenyewe imekwisha yatenga: Spika *amefika*, spika *imefika*. Upatanisho wa ngeli hulinda maana mahali ambapo tahajia haiwezi.

Spika za Kusimama

Spika tupu, yaani koni isiyo na kasha, haitoi sauti nzito ya kutosha. Koni inaposukuma hewa mbele, huivuta nyuma, na mawimbi hayo mawili yakikutana huuana. Kasha huyatenganisha. Vijana wengi walilijua hilo kwa vitendo kabla ya kulisoma shuleni: waliweka spika juu ya mdomo wa mtungi wa udongo, na besi ikapatikana. Spika ndefu za kusimama sakafuni hufuata kanuni hiyohiyo. Kasha lake ni kubwa kuliko lile la spika ya rafuni, na kwa hiyo huweza kushuka chini zaidi bila kuchoka.

Kwa miaka mingi vyombo vya namna hii vilikuwa adimu nchini. Fedha za kigeni zilikuwa haba, na mwaka 1983, wakati wa vita dhidi ya wahujumu uchumi, mwenye bidhaa za anasa alikuwa na mashaka hata kama alizipata kwa halali. Mwaka 1984 Serikali iliwaruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na vyombo vya muziki vikaanza kuonekana tena madukani na majumbani.

Huko Nyakato tulikaribishwa na mzee mmoja mstaafu mwenye jozi ya spika za kusimama zilizotengenezwa Uingereza. Kimo chake hufika kifuani mwa mtu. Baada ya kumwamkia tulimwomba atueleze anazionaje. Alijibu: "Zile za kwanza zilikuwa zikipiga kelele. Hizi zinazungumza." Tukamwomba afafanue, naye akasema kwamba sauti ya zile za zamani ilikuwa imefumba, kama ya mtu anayesema akiwa amejifunika shuka, bali hii iko wazi. Ngoma ni kavu, haibaki ikivuma baada ya mkono wa mpigaji kuondoka. Mwimbaji amekaa katikati, na mpiga gita la pili amekaa kulia. Alipozisogeza pembeni karibu na ukuta zilianza kukoroma, ndipo akazirudisha mbele na kutundika pazia zito nyuma yake. Hakuficha kasoro: mvua ikinyesha hazifai kitu, kwa sababu bati huzishinda. Mama mwenye nyumba alicheka, akasema kwamba kwake yeye ni wageni wawili wasiokaa wala kuondoka.

Maelezo ya mzee yanakubaliana na elimu ya sauti. Wimbi la sauti ya mitetemo 40 kwa sekunde lina urefu wa karibu mita 8 na nusu, yaani hupita urefu wa sebule nyingi. Sauti ya namna hiyo hujikusanya katika pembe za chumba, na ndiyo maana spika iliyosukumwa pembeni hukoroma. Sakafu ya saruji na kuta tupu hurudisha sauti, na pazia huipunguza makali. Mzee hakutumia neno hata moja la kigeni kueleza mambo haya.

Wala hatuna budi kustaajabu. Mbele kidogo katika barabara hiyohiyo, huko Kisesa, ipo makumbusho ya Bujora inayohifadhi ngoma za watemi wa Kisukuma. Mashindano ya ngoma ya Wagika na Wagalu yamewazoesha watu wa sehemu hizi, tangu zamani, kuihukumu sauti. Sikio lililofunzwa na ngoma halikupotea spika zilipoingia.

Sabufa

Katika miaka ya karibuni limeingia neno jingine, sabufa. Kwa wahandisi, hilo ni jina la spika moja tu, ile inayotoa sauti nzito kabisa ambazo spika nyingine haziwezi kuzishukia. Nyakato, na mahali pengi nchini, sabufa ni seti nzima: kasha moja kubwa, spika ndogo mbili au zaidi, na kirimoti chake. Mwalimu wa ufundi asipolitambua tofauti hili atawachanganya wanafunzi, na mfasiri wa maelezo ya matumizi atamwagiza mnunuzi kuunganisha seti nzima mahali panapotakiwa kasha moja.

Mapendekezo

Baada ya kuyaangalia hayo, tunaona vema tupendekeze yafuatayo:

(a) Neno *kipaza sauti* libaki kuwa jina la mfumo mzima wa kupazia sauti mkutanoni, msikitini au kanisani. Lisitumiwe katika orodha za ununuzi wala katika leja za ghala kwa kutaja kifaa kimoja.

(b) Chombo kinachopokea sauti kiitwe *maikrofoni*, na kinachoitoa kiitwe *spika*. Ile ndefu iitwe *spika ya kusimama*, na sanduku lake *kasha la spika*.

(c) *Sabufa* ikubaliwe kwa maana ya seti, kama watu walivyokwisha amua. Katika maandishi ya ufundi, kasha lile moja liitwe *spika ya besi nzito*.

(d) Katika kueleza ubora wa sauti, wafasiri wasikope. Sauti *imefumba* au *iko wazi*. Ni *kavu* au *inavuma*. *Inarindima* inaposhuka chini bila fujo. *Inakoroma* chumba kinapoizidisha. *Inapasuka* koni inaposhindwa. Mahali ambapo wengine hutafsiri neno kwa neno wakapata "jukwaa la sauti", sisi tungesema *mkao wa sauti*, tukifuata usemi wa mzee wa Nyakato.

Wako wenzetu ambao wangependa spika ya besi iitwe *vumi* na ile ya sauti nyembamba iitwe *chapuo*, kwa kufufua majina ya ngoma zetu. Tunaipenda nia yao, lakini fundi na mteja wake wamekwisha elewana kwa *besi* na *twita*, na istilahi isiyofika mezani kwa fundi haimsaidii mtu. Jina la chombo huweza kuja pamoja na chombo, na hakuna aibu katika hilo. Hukumu ya sikio tunayo wenyewe tangu zamani, na tukiikopa tutakuwa tumeacha mali yetu.

Ile ofisi tuliyoitaja mwanzoni ingaliandika "spika nne za kusimama, na maikrofoni moja", isingalipoteza kitu. Tunawaomba walimu, wafasiri na watumishi wa serikali watuletee maneno yanayotumiwa na mafundi na wasikilizaji wa sehemu zao, pamoja na maana zake, ili orodha hii isahihishwe kabla ya kuwekwa katika matumizi rasmi.