Upo? Nipo

Mtandao ukilala usiku na kazi ya mteja bado iko mkononi, mimi sikimbilii kuzima rauta. Nafungua kile kidirisha cheusi cha kompyuta, naandika ping 8.8.8.8, nangoja. Jibu likija, shida si laini yangu. Kukiwa kimya, basi hiyo pesa nisahau.

Amri hii iliandikwa na jamaa wa Marekani, Mike Muuss, kwenye maabara ya jeshi huko Maryland. Ilikuwa Desemba 1983, mtandao ulikuwa unamsumbua, akaketi jioni moja akaandika mistari kama elfu moja. Jina alilitoa kwa sonari ya nyambizi: unapiga mlio majini, unahesabu muda hadi mwangwi urudi. Ndiyo kazi yote ya ping. Upo? Nipo. Na jibu limechukua milisekunde ngapi. Baadaye alisema angejua itamletea jina, angeiongezea siku moja au mbili.

Muuss alifariki Novemba 2000 kwa ajali ya barabarani. Mwezi huohuo, Nairobi ilifungua KIXP, mahali pa kampuni za intaneti kubadilishana data hapahapa mjini. Kabla ya hapo, barua pepe kutoka Westlands kwenda Upper Hill ilipanda hadi setilaiti, kilomita 36,000 juu, ikatua ng'ambo, kisha ikapanda tena ndiyo irudi nyumbani. Kupanda na kushuka mara moja tu ni karibu robo sekunde. Piga hesabu ya kwenda na kurudi.

Wiki mbili hivi baadaye, KIXP ikafungwa. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya kusafirisha data nje ya nchi, ililalamika, na mdhibiti, CCK, akakubaliana nayo. Yaani data ya jirani kwa jirani ilihesabiwa kama safari ya ng'ambo! Watoa huduma walibishana hadi Februari 2002 ndipo ikafunguliwa tena. Mwaka 2009 nyaya za baharini, SEACOM na TEAMS, zikafika Mombasa, na setilaiti ikaanza kusahaulika.

Juzi nilipiga ping seva moja ya hapa Nairobi: milisekunde 4. Nikajaribu tovuti ya mteja wangu, mwenye duka la vipuri Nakuru ambaye wateja wake wote wako Nakuru. Ikarudi na 161. Tovuti yake inakaa Frankfurt.