Kibo na Uhuru: Majina Mawili ya Mlimani katika Anga za Juu

Asubuhi isiyo na mawingu, mtu aliyesimama Moshi hukiona Kibo chote, na juu ya ukingo wake mahali ilipo ncha ya Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Majina yote mawili yamewahi kufika anga za juu, kila moja kwa njia yake, na njia hizo aghalabu huchanganywa.

Uhuru ni jina changa mlimani. Hans Meyer alipofika kileleni mwaka 1889, alikiita kwa jina la Kaiser Wilhelm. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Alexander Nyirenda alipeleka huko mwenge na bendera ya Tanganyika, na jina la mfalme likaondoka. Neno lenyewe lilikuwa limekwisha kusafiri mbali. Shina lake, huru, lina asili ya Kiarabu, na katika mwambao wa karne ya 19 lilimtenga muungwana na mtumwa. Wanasiasa ndio waliolitoa katika hadhi ya mtu mmoja wakalipa taifa zima.

Ukifuata latitudo ya Moshi kuelekea mashariki, takriban digrii 3 kusini mwa ikweta, utatokea baharini karibu na Malindi. Kaskazini kidogo, Ngomeni, Waitalia walisimamisha jukwaa la San Marco la kurushia roketi. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 tangu ijitawale, walirusha kutoka hapo setilaiti ya Marekani, ya kwanza ya nchi hiyo kurushwa na taifa jingine. Kwa heshima ya siku hiyo ikaitwa Uhuru. Kazi yake ilikuwa kupima eksirei zitokazo kwenye nyota, ambazo angahewa huzizuia zisifike hata juu ya Kibo. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alishiriki Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002.

Ushirikiano huo ulikuwa wa amani na wenye tija. Hilo halina ubishi. Lakini jina la Kiswahili halikuifanya setilaiti kuwa ya Waswahili. Vifaa vilitoka Marekani, warushaji Italia. Afrika Mashariki ilitoa bahari, ikweta na neno.

Kibo ina kisa kingine. Tangu mwaka 2008 maabara ya Wajapani katika Kituo cha Kimataifa cha Anga inaitwa Kibo, jina ambalo kwa Kijapani, irabu ya mwisho ikivutwa, maana yake ni tumaini. Kwa Kichaga jina la kilele hufasiriwa kwa madoadoa ya mawe meusi katika theluji. Maneno hayo hayana nasaba yoyote. Hata hivyo, ni kutoka Kibo hiyo ya Wajapani kwamba tarehe 11 Mei 2018 iliachiwa setilaiti ya kwanza ya Kenya, mchemraba wa sentimita 10, kazi ya Chuo Kikuu cha Nairobi kikisaidiwa na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma, chini ya mpango wa Umoja wa Mataifa na Japani.

Wamarekani waliipa ya kwao neno zima la Kiswahili. Hii ya Nairobi iliitwa 1KUNS-PF, herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza. Iliyofuata, iliyorushwa kutoka California tarehe 15 Aprili 2023, iliitwa Taifa-1. Na taifa, kama uhuru, ni neno lenye asili ya Kiarabu.