Ubaguzi wa rangi: Yaliyopita Isiolo na mazungumzo ya waandishi mtandaoni

ISIOLO, mji ulioko kilomita 285 hivi kaskazini mwa Nairobi, ni mojawapo ya sehemu za Kenya ambako ubaguzi wa rangi ulitekelezwa kwa sheria iliyoandikwa. Historia hiyo inaeleza kwa nini mazungumzo ya waandishi kuhusu ubaguzi na mateso yana uzito wa pekee kwa wakazi wake.

Mazungumzo ya aina hiyo yalihamia kwenye intaneti mwaka 2020 na 2021, kumbi zilipofungwa kwa sababu ya Uviko-19. Mwandishi huketi kwake, wasomaji wakamsikiliza na kumuuliza maswali kupitia simu au kompyuta.

Sheria za kufunga kaskazini

Utawala wa Kiingereza ulipitisha sheria mwaka 1902 ya kuzifunga wilaya za mbali, na nyingine mwaka 1934 ya kudhibiti zaidi wakazi wake. Mtu hakuruhusiwa kuingia wala kutoka katika Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini bila kibali. Isiolo ulikuwa mlango wa eneo hilo.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wasomali wa koo za Isaaq na Harti waliokuwa wamewatumikia Waingereza jeshini walipewa makao Isiolo. Sheria ya mwaka 1919 ilikuwa imewaondoa baadhi ya Wasomali katika kundi la "wenyeji", lakini bila kuwapa haki zote za Waasia.

Mzozo ulizuka sheria ya kodi ya kichwa ilipoanza kutumika mwaka 1937. Mzungu alitozwa shilingi 40, Mwasia shilingi 30, na wengine wasiohesabiwa kuwa wenyeji shilingi 20. Waisaaq walikataa kiwango hicho cha chini na kudai walipe shilingi 30.

Dai la kuongezewa kodi laweza kumshangaza msomaji wa leo. Hata hivyo, katika utawala ule daraja la rangi ndilo lililoamua mtu aishi wapi, asafiri vipi na atibiwe wapi. Aidha, Waisaaq hawakudai ngazi ya ubaguzi ivunjwe, bali wapandishwe kipawa kimoja. Huo ni mmoja wa ubaya wa ubaguzi: humfanya anayeonewa atafute nafasi juu ya mwenzake.

Baada ya uhuru

Uhuru haukumaliza mateso. Tarehe 28 Desemba 1963, wiki mbili tu baada ya bendera ya Kenya kupandishwa, serikali ilitangaza hali ya hatari kaskazini. Vita vya Shifta viliendelea hadi mwaka 1967. Wafugaji wa Isiolo walikusanywa katika vijiji vya kulazimishwa, na mifugo yao mingi ikafa, kuuawa au kutwaliwa. Waborana hukiita kipindi hicho Gaf Daba, yaani wakati wa kusimamishwa.

Mwaka 1989 Wakenya wa asili ya Kisomali walihojiwa uraia wao na kupewa kadi ya pili ya rangi ya waridi. Usaili wa ziada wakati wa kuomba kitambulisho ulidumu kwa miongo mingi, hadi Rais William Ruto alipotangaza Februari 2025 kuwa umeondolewa.

Waandishi

Salah Abdi Sheikh aliandika kuhusu mauaji ya Wagalla ya mwaka 1984 katika kitabu "Blood on the Runway" (2007). Yvonne Adhiambo Owuor aliiweka sehemu kubwa ya riwaya yake "Dust" (2013) katika nyika za kaskazini mwa Kenya. Keren Weitzberg alichunguza suala la Wasomali na uraia wa Kenya katika "We Do Not Have Borders" (2017).

Nadifa Mohamed, aliyezaliwa Hargeisa mwaka 1981, alichapisha "The Fortune Men" mwaka 2021. Riwaya hiyo inamhusu Mahmood Mattan, baharia Msomali aliyenyongwa mjini Cardiff, Uingereza, Septemba 1952 kwa mauaji ambayo hakuyatenda. Wakili wake mwenyewe alimweleza mbele ya baraza la mahakama kuwa nusu mtoto, nusu mshenzi. Mahakama ilifuta hukumu hiyo mwaka 1998, takriban miaka 46 baadaye. Babake mwandishi, aliyekuwa baharia pia, alimfahamu Mattan. Riwaya ilianzia kwenye kumbukumbu ya familia, si kwenye jalada la mahakama pekee.

Umuhimu wake

Kwa msomaji wa Merti au Garba Tulla, mazungumzo ya mtandaoni humwondolea gharama ya safari ya Nairobi, ingawa asiye na umeme, mtandao wala fedha za bando hubaki nje.

Kubwa zaidi ni suala la muda. Aliyekuwa na umri wa miaka 20 hali ya hatari ilipotangazwa sasa amepita miaka 80. Kwa kuwa mazungumzo ya mtandaoni yanaweza kurekodiwa, mzee aliyeiona Daba anaweza kuyasimulia aliyoyapitia kwa lugha yake, na mwandishi wa kesho akapata pa kuanzia.